Maziwa yakichacha si lazima yamwagwe

KUCHACHA ni neno linalotisha jikoni. Maharage yakichacha humwagwa, wali ukichacha hupewa kuku, na mama akisikia harufu kali kwenye sufuria ya mboga ya jana hahitaji kuambiwa la kufanya. Lakini togwa nayo imechacha. Maziwa mgando yamechacha. Uji wa kuchachusha ambao watoto wengi wamekuzwa nao umechacha, na hakuna anayefikiria kuumwaga. Neno ni lilelile, ila chakula kimoja kinaleta kuhara na kingine wataalamu wa lishe wanakisifu.

Tofauti iko wapi? Jibu la kitaalamu ni fupi: inategemea nani amewahi kuingia kwenye chombo. Wakiwahi bakteria wanaotengeneza asidi ya maziwa, chakula kinakuwa kichachu upesi, na vijidudu vingi vya kuozesha na kuharisha haviwezi kustawi kwenye uchachu huo. Wakiwahi wengine, chakula kinaoza. Kazi ya mwenye jiko ni kuamua nani awahi.

Katika nyumba moja ya Kivule, pembezoni mwa Dar es Salaam, swali hilo lilikaribia kuharibu uelewano wa mama mkwe na mkamwana wake, watu wawili ambao kabla ya hapo hawakuwahi kukwaruzana.

Kadi ya kliniki

Mtoto alikuwa na miezi 16. Alikuwa ameacha kunyonya mapema kuliko mama yake alivyotaka, kwa sababu mama alirudi kwenye genge lake la mboga na siku zake zilianza saa kumi alfajiri. Uji mtoto aliukataa. Kwenye kadi ya kliniki mstari wa uzito ulikuwa umelala kwa miezi mitatu mfululizo. Muuguzi hakumgombeza mama. Alimshauri ampe mtoto chakula kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, na kwenye kila mlo aongeze kitu chenye nguvu: karanga za kusaga, yai, dagaa, maziwa.

Bibi akatoka Kishapu, mkoani Shinyanga, kuja kusaidia. Alishuka kwenye basi na michembe, nsansa, kuku mmoja na kibuyu kilichofungwa kwa kitambaa. Kibuyu kilikuwa kitupu, ila ukikifungua kilinukia moshi na uchachu wa miaka mingi.

Siku ya tatu, kijana anayeleta maziwa kwa pikipiki kutoka kwa wafugaji wa Chanika alipima lita mbili. Bibi akazipokea na kuzimimina moja kwa moja kibuyuni. Kwake dawa ya mjukuu ilikuwa wazi: mtoto wa Kisukuma anakuzwa kwa maziwa ya kibuyu, na huyu alikuwa amecheleweshwa.

Mkamwana aliona. Hakusema kitu mbele ya kijana wa maziwa. Jioni alimweleza mumewe, akitarajia kuambiwa asijali. Mume alinyamaza kwa muda mrefu.

Alikuwa na sababu ya kunyamaza. Akiwa na miaka 11 aliugua msimu mzima wa mvua. Homa ilikuja jioni na kuondoka asubuhi, usiku alilowa jasho, viungo vilimuuma, na mgongo ulikuwa kama wa mzee. Alitibiwa malaria mara tatu na taifodi mara mbili. Alipofikishwa hospitali kubwa na kupimwa damu ikabainika kuwa ni brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, ambao wafugaji wengi wanaufahamu kwa sababu hufanya ng'ombe watupe mimba. Alimeza dawa za aina mbili kwa wiki sita. Mwaka ule alirudia darasa.

Daktari alisema maziwa mabichi. Bibi hakukubali siku ile, na miaka ishirini na kitu baadaye alikuwa bado hajakubali.

Hesabu ya bibi

Hoja ya bibi haikuwa ya kijinga, na ndiyo maana ilikuwa ngumu kuijibu. Alizaa watoto saba. Wote walikunywa kwenye kibuyu kimoja. Aliyeugua ni mmoja. Kama sumu ilikuwa kwenye maziwa, wale sita walinusurikaje? Tena kijana huyo ndiye aliyekuwa akishinda zizini na baba yake, akisaidia ng'ombe kuzaa. Kwa nini lawama iangukie kibuyu?

Afisa lishe wa kliniki, alipoelezwa habari hii baadaye, alisema sehemu ya maneno ya bibi ni sahihi. Brusela humpata mtu kwa njia zaidi ya moja. Kushika kwa mikono mitupu ndama anayezaliwa, kondo la nyuma au mimba iliyotoka ni njia mojawapo, na wafugaji wengi wameupata hivyo. Kunywa maziwa yasiyochemshwa ni njia nyingine. Mlango wa kwanza unafungwa kwa glavu na kunawa kwa sabuni, wa pili unafungwa kwa moto. Hakuna anayeweza kusema leo kijana aliupatia wapi, lakini mlango mmoja kuwa wazi si sababu ya kuacha na wa pili wazi.

Kuhusu wale sita, si kila ng'ombe ana ugonjwa, si kila siku maziwa yake yana vijidudu vingi, na si kila anayevimeza anaugua. Ndivyo ilivyo pia kwa kifua kikuu cha ng'ombe, ambacho nacho hupita kwenye maziwa mabichi. Familia inaweza kunywa miaka kumi bila tatizo na mwaka wa kumi na moja ikaingia hospitali.

Halafu kuna jambo ambalo watu wengi, wazee kwa vijana, hawalifahamu: kugandisha hakutoshi. Uchachu wa maziwa mgando unapunguza vijidudu vingi, lakini brusela na kifua kikuu vinaweza kuuvumilia kwa muda wa kutosha kumfikia mnywaji. Maziwa mabichi yaliyoganda vizuri, yenye harufu nzuri na ladha tamu, bado ni maziwa mabichi. Pua haiwezi kuyatambua.

Jaribio la kwanza

Mkamwana hakumkataza mama mkwe wake. Mtoto wa watu hawezi kumwambia mama wa mumewe kwamba chombo chake kina ugonjwa. Maziwa ya siku ile aliyanywa bibi peke yake, mtoto akipewa uji wa karanga. Kesho yake mkamwana akaja na ombi.

"Mama, naomba unifundishe kugandisha. Ila kwa ajili ya mtoto tuanze na maziwa ya kuchemsha."

"Ya kuchemsha hayagandi, mwanangu," bibi akasema. "Umeshayaua. Maiti inagandaje?"

Walijaribu hata hivyo. Mkamwana aliyachemsha hadi yakafura, akayaacha yapoe, akayafunika kwa sahani na kuyaweka pembeni. Siku ya kwanza hayakubadilika. Siku ya pili yalikuwa yamejitenga, maji juu na mabonge chini, machungu ulimini, yakinuka kama kitambaa cha kufutia meza. Bibi aliyabeba akayamwaga nje bila kusema neno, na kutosema kwake kulisikika nyumba nzima.

Hapo bibi alikuwa sahihi kabisa. Moto hauchagui. Unaua brusela na kifua kikuu, na pia unaua bakteria wema ambao kwenye maziwa mabichi ndio wanaogandisha. Maziwa yaliyochemshwa na kuachwa hivyo ni kama shamba lililolimwa bila kupandwa: kitakachoota ni magugu. Baadhi ya vijidudu vinavyovumilia moto huamka humo, na vingine huanguka kutoka hewani na kwenye vyombo. Yale maziwa machungu yalikuwa magugu hayo.

Wazee walijua habari ya kupanda, japo hawakuiita hivyo. Kibuyu kisichooshwa hadi kukauka kabisa, kijiko cha maziwa ya jana kinachobaki chini, maziwa mapya yakamiminwa juu yake, hiyo ndiyo mbegu. Mfaransa Louis Pasteur alieleza mwaka 1857 kwamba uchachu wa maziwa unatokana na viumbe hai vidogo visivyoonekana kwa macho. Bibi wa bibi zake Usukuma walikuwa wakivilisha na kuvirithishana viumbe hao bila darubini.

Mbegu itoke wapi?

Bibi aliposikia kwamba kinachokosekana ni mbegu, alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya maziwa machungu. Mbegu anayo! Iko kwenye kibuyu chake. Kijiko kimoja tu kwenye maziwa ya kuchemsha na kazi imekwisha.

Mkamwana nusura akubali. Lilikuwa suluhu zuri, heshima ya kila mtu ingebaki mahali pake. Afisa lishe ndiye aliyemzuia. Mbegu inayotoka kwenye maziwa mabichi inabeba kila kilichokuwa kwenye maziwa hayo. Ukichemsha maziwa kisha ukaweka mbegu ya maziwa mabichi, umefunga mlango wa mbele na kufungua wa nyuma.

Mbegu salama ni maziwa mgando au mtindi wa dukani uliotengenezwa kwa maziwa yaliyopashwa moto kiwandani, usiotiwa sukari wala ladha ya matunda, na ambao tarehe yake ya mwisho iko mbali. Ukinunua paketi moja ndogo unaweza kugandisha kwa wiki kadhaa, kwa sababu kila mara unachota mbegu ya safari inayofuata kabla ya kuanza kula.

Hivi ndivyo walivyofanya, na hivi ndivyo inavyoweza kufanyika katika nyumba yoyote yenye sufuria yenye mfuniko na kijiko.

Lita moja ya maziwa inachemshwa hadi ifure, kisha moto unapunguzwa na kuachwa dakika chache huku ikikorogwa isiungue. Sufuria inafunikwa na kuachwa ipoe hadi joto la vuguvugu kidogo, ambalo kidole safi kinakaa bila kuhisi kuchomwa wala baridi. Hapa ndipo wengi wanapokosea kwa haraka: maziwa yakiwa moto sana yanaua mbegu, na kazi inarudi kulekule kwenye maziwa machungu. Vijiko viwili au vitatu vikubwa vya mbegu vinakorogwa kwanza na maziwa kidogo kwenye kikombe ili visiwe na mabonge, halafu vinarudishwa kwenye sufuria. Inafunikwa na kuwekwa mahali pasipo na jua wala mtikisiko.

Kwa joto la Dar es Salaam maziwa yakiwekwa jioni mara nyingi asubuhi yameshaganda, na siku za baridi yanaweza kuchukua hadi siku nzima. Yakishashikana, yanahamishiwa kwenye friji. Asiye na friji agandishe kiasi cha kuliwa siku hiyo na inayofuata. Vijiko vya mbegu vinatolewa kwanza na kuwekwa kwenye chupa safi yenye mfuniko. Ikitokea siku maziwa yameganda kwa harufu isiyoeleweka, yanateleza kama makamasi, au yana ukungu wa rangi, yanamwagwa pamoja na mbegu yake na paketi mpya inanunuliwa.

Kwa mtindi mzito, ule unaosimama kijikoni, mbegu ni ya bakteria wanaopenda joto zaidi, la nyuzi 40 hadi 45. Maziwa yanatiwa mbegu yakiwa ya moto kiasi, kisha sufuria inafungwa blanketi au mchanganyiko unamiminwa kwenye chupa ya chai, na ndani ya saa nne hadi nane unakuwa tayari.

Kibuyu kipya

Bado kulikuwa na suala la chombo. Kibuyu kina vitundu vidogo ambavyo sabuni haivifikii. Ndiyo sababu kinahifadhi mbegu vizuri, na ndiyo sababu kilichozoea maziwa mabichi hakiwezi kusafishwa kikawa salama. Afisa lishe alipendekeza kwa mtoto chombo cha kioo au cha chuma kisichoshika kutu, kinachooshwa kwa maji ya moto na kukaushwa.

Bibi alikubali hilo kwa mtoto. Kwa watu wazima hakukubali. Mkamwana akanunua kibuyu kipya Kariakoo, kisichowahi kuona maziwa ya aina yoyote, akamkabidhi bibi kwa mikono miwili.

Bibi alikifanyia kazi kwa siku kadhaa. Alikijaza maji, akayamwaga, akakijaza tena, hadi uchungu ulipokwisha. Alikisugua ndani kwa kokoto safi. Kisha akachukua kijinga cha mti aliouchagua mwenyewe, akakisukumia ndani kikiwaka na kukizungusha hadi moshi ukakolea. Wakalenjin wa Kenya hufanya kazi ya namna hiyo kwenye kibuyu cha mursik, na Wamasai kwenye vibuyu vyao. Moshi hupunguza vijidudu kwenye kuta za kibuyu na huyapa maziwa ladha ambayo hakuna kiwanda kinachoiuza.

Maziwa ya kuchemsha, yenye mbegu ya dukani, yalimiminwa kwenye kibuyu kilichofukizwa na mkono wa bibi. Kesho yake mume alionja, akanyamaza tena, safari hii kwa sababu nyingine. Akasema yana ladha ya nyumbani.

Kabichi isiyo na siki

Deni la kufundishwa lilibaki upande wa mkamwana, naye alikuwa na la kulipa. Malori yakija kwa wingi kutoka Lushoto na Iringa, kabichi hushuka bei hadi genge linabaki nazo zikinyauka. Kwenye mafunzo ya kikundi chao cha akina mama alikuwa amejifunza kuzihifadhi kwa chumvi.

Bibi alikaa kwenye kigoda akitazama. Kabichi ilitolewa majani ya nje, ikaoshwa kwa maji safi, ikakatwa nyembamba. Kwa kila kilo moja ya kabichi, gramu 20 za chumvi, yaani kijiko kimoja cha chakula kilichojaa kidogo. Ikaponda­pondwa kwa mikono iliyonawa hadi ikatoa maji yake yenyewe, ikashindiliwa kwenye chupa pana ya kioo mpaka maji hayo yakaifunika. Juu yake ukawekwa mfuko safi wenye maji ya chumvi kama uzito, ikaachwa nafasi ya vidole vitatu, na mfuniko ukafungwa bila kukazwa ili hewa itoke.

"Siki iko wapi?" bibi akauliza. Aliwahi kula achari ya embe kwa jirani wa Pwani na alijua kuna kitu kikali ndani.

Hakuna siki, akaambiwa. Siki ni asidi inayoletwa kutoka nje. Kabichi hii inatengeneza asidi yake.

"Na mbegu yake?"

Hilo lilikuwa swali la mtu aliyeelewa. Mbegu iko kwenye majani yenyewe, kwa kuwa bakteria wa asidi ya maziwa wanaishi kwenye mboga tangu shambani. Kazi ya chumvi ni kuchagua: kwa kiwango kile inawazuia wengi wa waharibifu na kuwaacha wema waendelee. Kazi ya maji yanayofunika ni kuzuia hewa, kwa sababu ukungu unahitaji hewa. Ndiyo maana jani linaloelea juu ndilo linaloharibika kwanza. Chumvi ikipungua sana, wanaowahi ni wale wasiotakiwa.

Kwa namna hiyo Wakorea wanatengeneza kimchi yao, na desturi ya familia na majirani kukusanyika kuiandaa kabla ya baridi kali iliingizwa na UNESCO mwaka 2013 kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Wajerumani wana kabichi yao ya chumvi. Nahodha James Cook wa Uingereza, katika safari yake iliyoanza mwaka 1768, alibeba shehena ya kabichi hiyo melini ili mabaharia wasipatwe na kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C.

Bibi akauliza swali la mwisho, na lilikuwa kali. Kama maziwa mabichi hayafai, kwa nini kabichi mbichi inafaa?

Kwa sababu, mkamwana alimweleza kama alivyoelezwa, brusela inatoka ndani ya mnyama anayeumwa, huwezi kuiosha. Uchafu wa kabichi uko nje, unaondolewa kwa kubandua majani ya juu na kuosha, na uchachu na chumvi vinamalizia sehemu kubwa. Lakini si yote. Mboga zilizomwagiliwa maji machafu ni hatari hata zikitiwa chumvi, kwa hiyo ni muhimu kujua zilikotoka. Mtoto mdogo na mjamzito ni bora wale mboga iliyopikwa.

Kwa joto la Kivule chupa ilianza kutoa mapovu siku ya pili. Siku ya tano kabichi ilikuwa imechachuka kiasi cha kuliwa na ugali na samaki wa kukaanga, ikahamishiwa kwenye friji. Huko inaweza kukaa wiki kadhaa, mradi ibaki chini ya maji yake na ichotwe kwa kijiko safi. Utando mwembamba mweupe juu ya maji huondolewa kwa kijiko. Ukungu wenye manyoya, wa kijani, mweusi au wa waridi, au harufu ya kuoza, ni dalili ya kumwaga chupa nzima.

Yasiyotarajiwa

Vyakula vya kuchachusha vimezungukwa na sifa nyingi kuliko vinavyostahili. Mwanasayansi Élie Metchnikoff, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1908 kwa kazi yake kuhusu kinga ya mwili, aliamini maziwa machachu yanaweza kurefusha maisha. Mpaka leo wapo wanaouza chupa za mboga zilizochachushwa wakidai zinatibu kisukari na saratani. Hazitibu.

Linaloweza kusemwa bila kutia chumvi ni hili. Kuchachusha kunahifadhi chakula bila umeme. Sehemu ya sukari ya maziwa inaliwa na bakteria, hivyo baadhi ya watu wanaosumbuliwa na tumbo wakinywa maziwa freshi huyavumilia maziwa mgando. Na kwa uji wa watoto, utafiti uliofanywa hapa Tanzania miaka ya 1990 kuhusu togwa na uji wa kuchachusha ulionyesha kuwa unaweza kupunguza vijidudu vya kuharisha tumboni mwa watoto wanaoutumia mara kwa mara. Hata hivyo, mtoto anayeharisha anahitaji maji ya chumvi-sukari ya ORS, madini ya zinki na kituo cha afya. Bakuli la mtindi halichukui nafasi ya hivyo.

Mtoto chini ya miezi sita anahitaji maziwa ya mama peke yake. Baada ya hapo anaweza kuonjeshwa maziwa mgando ya kuchemsha kama sehemu ya mlo, lakini maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kikuu kabla ya mwaka mmoja. Mwenye shinikizo la damu akumbuke kwamba kabichi ya chumvi ni chumvi: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku kutoka kwenye vyakula vyote. Kijiko kimoja au viwili pembeni ya sahani vinatosha. Mwenye kinga dhaifu azungumze na daktari wake kwanza.

Mstari wa mtoto wa Kivule ulianza kupanda mwezi wa pili tangu bibi afike. Bibi anasema ni maziwa. Mama anasema ni yai la kila asubuhi na karanga kwenye uji. Muuguzi alisema huenda ni mtu wa kukaa na mtoto na kumlisha taratibu kutwa nzima, jambo ambalo genge halikumruhusu mama kulifanya. Wote watatu waliachwa na majibu yao, kwa kuwa mtoto alikuwa anakula.

Bibi amesharudi Kishapu. Alipanda basi na paketi mbili za maziwa mgando kwenye kichombo chenye barafu, kwa ajili ya mbegu, na chupa ya kabichi ambayo alitaka wenzake waione kabla ya kuionja. Akipigiwa simu jioni, husikika sufuria ikigonga mafiga. Maziwa ya wajukuu walioko huko sasa anayachemsha, na amewakataza wavulana kushika ndama anayezaliwa bila kuvaa glavu. Maziwa yake mwenyewe bado anayanywa kama alivyozoea, kwenye kibuyu chake cha zamani. Mwanawe amemwambia mara tatu. Mkamwana amemwomba mume aongee naye taratibu, asimkatie simu, na wiki ijayo amwambie tena.